Shajara ya mradi: lami ya kupanda Amani na viumbe wa msituni

Februari 6

Greda limepita jengo la stesheni ya zamani pale Zigi leo saa nne asubuhi. Kutoka Muheza, mkoani Tanga, mpaka hapo kazi ilikuwa ya mashambani: michungwa, minazi, mitiki ya Longuza, nyumba za kufidia. Kuanzia Zigi kwenda juu ni kona juu ya kona, na msitu uko pande zote mbili. Ndipo shajara hii inapoanzia.

Niandike kwanza la watu. Wapo waliosikia kwamba kikundi chetu cha huku juu kinataka kuizuia lami. Si kweli. Masika ya mwaka juzi tulimshusha mama mjamzito kwa machela ya miti na kanga mpaka kijiji cha Kisiwani, kwa sababu gari lililotumwa kumchukua lilikuwa limezama kwenye matope hadi milangoni. Tulikuwa wanaume sita tukipokezana, na mvua haikukatika njia nzima. Mtoto yule sasa anatembea. Ndizi zetu huivia njiani, maziwa huchacha kabla hayajamfikia mnunuzi, na mwenye kununua iliki hupanga bei akijua huwezi kuirudisha mlimani. Barabara hii haifiki kilomita arobaini, lakini sisi tumezoea kuihesabu kwa saa, na mwezi wa nne kwa siku. Lami tunaitaka.

Tunachotaka pia ni kwamba itakapokwisha, msitu huu uwe bado ni mmoja. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, hekta 8,380, na humu mna viumbe ambao huwapati popote duniani nje ya milima hii ya Tao la Mashariki. Wengi wao ni wadogo, wanaenea kiganjani. Tembo akikatiwa njia, kijiji kizima kitajua. Kinyonga wa urefu wa kidole akishindwa kuvuka hakuna atakayeleta taarifa ofisini.

Wazee wanatukumbusha kwamba si mara ya kwanza msitu huu kufikiwa na njia ya mashine. Wajerumani walifikisha reli ndogo hapo Zigi mwanzoni mwa karne ya 20 ili kushusha magogo. Reli iling'olewa zamani, stesheni ikabaki, na leo ndiyo inayopokea wageni wa hifadhi.

Februari 19

Tumepanda kwa miguu kutoka Zigi: mhandisi wa barabara, afisa wa hifadhi, mwenyekiti wa kijiji, vijana wawili wa kikundi na mimi. Mhandisi alikuwa na kopo la rangi nyekundu, na mti aliouwekea alama ni mti wa kuanguka. Sisi tulikuwa na utepe wa njano. Tulikuwa tunatafuta mahali ambapo matawi ya upande wa juu na ya upande wa chini yanakutana juu ya barabara, maana hapo ndipo kima, mbega na komba wanapovukia bila kukanyaga chini. Tumepata sehemu tisa.

Hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, kisheria ni pana kuliko lami yenyewe, lakini hakuna panaposema lazima yote ifyekwe. Hapo ndipo mazungumzo yetu yote ya leo yalipokaa. Hoja ya mhandisi ilikuwa moja, na ni ya haki: mti ulioinama kuelekea barabarani, mizizi yake ikikatwa na mtaro, siku moja utaangukia basi lenye watu. Basi tukaangalia mti mmoja mmoja. Mwenye mizizi ya kuaminika abaki, aliyekwisha kuoza kiini aondoke. Afisa wa hifadhi aligonga kila shina kwa mgongo wa panga akasikiliza. Mpaka saa tisa alasiri sehemu tano zilikuwa zimepona na nne zimekwenda. Hizo nne tutazitafutia namna nyingine.

Jambo ambalo sikulitegemea ni la mhesi. Mti huu uliletwa na wageni wakati wa ukoloni, ukapandwa, na sasa umejisambaza wenyewe kwa sababu hondohondo wanapenda matunda yake na kudondosha mbegu kila mahali. Unapenda jua. Ukifyeka ukanda mpana kando ya barabara, mhesi ndio utakaouziba kwanza, kabla miti ya asili haijaanza hata kuchipua. Nilipomweleza mhandisi hivyo aliuliza, "Kwa hiyo nikifyeka kidogo, nawapunguzia kazi?" Nikamwambia ndiyo, sisi na yeye, maana vichaka vya kando ya barabara atavilipia kuvikata kila mwaka.

Machi 11

Masika yamefunguka. Jana usiku tulitoka watatu na tochi, saa mbili hadi saa sita, tukafuata mtaro mpya kwenye kipande kilichokwisha jengwa juu ya Zigi. Ni mtaro mzuri kwa kazi yake: mawe na saruji, kuta zimesimama wima kwa sababu nafasi kati ya mlima na lami ni finyu, na kina chake kinapita magoti yangu. Maji yanakwenda kwa kasi bila kula ukingo.

Kwa viumbe wa chini, ule ni mtego wa urefu wa barabara nzima. Ndani yake tulikuta chura wakubwa wanene wa Usambara wakigonga ukuta kwa pua, wanaruka, wanaanguka, wanaruka tena. Tulimkuta kinyonga mdogo wa ardhini, yule mwenye sura ya jani kavu, amekufa kwenye takataka za majani zilizozuiliwa na kokoto. Tulimkuta pia yule ambaye wakulima humdhani mnyoo mkubwa: hana miguu, mwili wake ni wa pingilipingili. Si mnyoo wala nyoka. Ni jamaa wa chura, ana taya na meno, anaishi chini ya udongo, na mvua kubwa ndiyo inayomtoa.

Ambao hawakuwa na shida ni vyura wa mitini. Wana vibonge vya kunata kwenye ncha za vidole, wanapanda ukuta wa saruji kama wanavyopanda shina. Mmoja alipanda mbele ya tochi yangu, akatua juu, akaendelea na safari. Kwa hiyo mtaro huu unachagua: mwenye vidole vya kunata anapita, mwenye kutembea anabaki.

Aliyeniumiza zaidi ni yule chura mdogo anayezaa. Ndiyo, anazaa. Vyura wengi wanahitaji dimbwi la kutagia mayai, yeye hubeba watoto tumboni mpaka wakamilike, kisha anawatoa wakiwa vyura tayari. Hana haja kabisa na maji ya mtaro. Alikuwa anatembea kwenye majani ya msitu aliozaliwa, majani yakakatika, akaanguka.

Tumewatoa kwa mikono tuliowaona wazima na kuwapeleka upande waliokuwa wanaelekea. Hatuwezi kufanya hivi kila usiku.

Machi 13

Nimekwenda kambini na wazo la kuomba kuta za mteremko badala ya kuta wima. Mhandisi amekataa, akanionyesha kwa nini: kwenye kona za mlimani hakuna upana. Nikapendekeza ngazi za mawe ndani ya mtaro, za kupandia. Hilo nalo akalikataa. Ukiweka mawe ndani ya mtaro yatazuia majani na matope, maji yatafurika juu ya lami, na barabara yenyewe italiwa. Nikanyamaza, kwa sababu ana haki. Barabara ikikatika wakati wa masika tutarudi kwenye machela.

Aliyetutoa hapo ni fundi mkuu wa mitaro, mzee wa Kibondei aliyekuwa amekaa pembeni anakunywa chai. Alisema, "Injinia, tusiweke kitu ndani. Tukate ukuta." Akachora chini kwa kijiti: kila baada ya mita kadhaa, ukuta wa upande wa msituni unapasuliwa na kurudishwa nyuma kuingia kwenye udongo, kisha pale panajengwa mteremko mlalo wa mawe yasiyosuguliwa, unaoanzia kwenye sakafu ya mtaro na kuishia kwenye majani. Maji yanapita mbele yake bila kugusa kitu. Kiumbe anayetembea akifuata ukuta atafika penye uwazi na kupanda.

Nilimuuliza amewahi kujenga kitu kama hicho. Akasema hapana, lakini kwao wamechimba kisima chenye mteremko ili mbuzi akiingia aweze kutoka, na chura hashindi mbuzi kwa uzito.

Tumepewa ruhusa ya kujaribu miteremko minne ya namna hiyo, ambayo sasa tunaiita ngazi, kati ya kona ya tatu na ya saba. Saruji ni ya kambi, mawe tutabeba sisi.

Machi 30

Suala la kifusi. Kijiko kinachokata ukingo kilikuwa kinasukuma udongo kwenye bonde moja kwa moja. Udongo ule unafunika miche, unaziba pumzi ya mizizi ya miti mikubwa iliyo chini, na mvua ikinyesha unaingia mtoni. Nimesimama kwenye daraja leo nikaona maji ya Zigi yamekuwa mekundu kama uji wa mtama.

Mto huu hauishii kwetu. Ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo maji ya jiji la Tanga. Barua yetu ya kwanza ilizungumzia miche na vyura, ikakaa wiki mbili bila jibu. Barua ya pili, iliyopitia ofisi ya mtendaji ikiwa na picha mbili za maji, ilizungumzia Tanga. Jibu limekuja baada ya siku tatu. Kuanzia kesho kifusi kitapakiwa kwenye malori na kushushwa hadi shimo la zamani la moramu huko chini.

Nimefurahi, na nakiri pia kwamba nimesikitika. Ningependa barua ya kwanza ingetosha. Lakini kazi ni kazi, na miche ya bondeni haitauliza ilipona kwa hoja ipi.

Mei 8

Tumerudi kutoka Diani, pwani ya Kenya. Ukitoka Muheza unapita Tanga, unavuka mpaka wa Horohoro, na kabla jua halijazama uko Ukunda, jirani na Diani. Tulikwenda wawili kujifunza ngazi za kamba, kwa sababu watu wa Diani wamekuwa wakipambana na tatizo hili tangu 1997, lilipoanza shirika la Colobus Conservation baada ya mbega kugongwa ovyo kwenye barabara ya hotelini. Mbega wao ni wa aina moja na wetu, mweusi mwenye mashungi meupe. Wenyewe wanamwita kuluzu.

Ngazi zao zinaning'inia juu ya barabara kutoka mti hadi mti. Nyaya mbili za chuma sambamba, zimevikwa mpira wa plastiki, na katikati vipandio vilivyofungwa kwa nafasi. Tulikaa chini ya mojawapo tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kima walipita kwanza, mmoja baada ya mwingine, mikia juu, kama wanafunzi wanaovuka kwa zamu. Mbega walikuja baadaye, walisita, na wawili wakapita.

Nimeandika mambo matatu ya kukumbuka. La kwanza ni urefu: lori lililopakia halipaswi kugusa waya hata waya ukilegea kwa uzito wa wanyama. La pili ni mahali. Usichague panapokupendeza wewe, chagua panapopita njia yao ya zamani, hata kama mti wa hapo ni mgumu kufungia. La tatu sikuwa nimelifikiria kabisa: umeme. Lami ikifika nguzo zitafuata, na mnyama anayezoea kupita juu ya waya hajui waya upi una moto. Diani wanapoteza wengi kwa njia hiyo. Kwa hiyo tunapoomba ngazi tuombe pia, mapema, nguzo za umeme zipite upande mmoja na matawi yaliyo karibu nazo yapunguzwe.

Mwenzangu amepiga picha kila fundo.

Juni 21

Ngazi mbili za kamba zimepanda, kwenye sehemu mbili kati ya zile nne zilizokatwa matawi. Vijana wa kijiji cha Shebomeza ndio waliopanda miti, wale wanaochuma karafuu, na sijaona fundi wa kupanda anayewazidi. Tulifunga mbao kati ya waya na gome ili waya usiukabe mti unaponenepa. Siku mbili za kazi, hakuna aliyeumia.

Agosti 4

Kima wanapita. Tumewaona asubuhi tano mfululizo kwenye ngazi ya chini. Komba nao wanapita usiku, tumewajua kwa macho yanavyowaka kwenye tochi.

Mbega bado. Wanakuja hadi kwenye tawi la mwisho, wanakaa, wanaangalia upande wa pili, wanarudi. Nimejifunza kuwatazama zaidi msimu huu kuliko miaka yote niliyoongoza wageni. Mbega hana kidole gumba. Mkono wake ni ndoano: umeumbwa kwa kuruka na kunasa tawi, haukuumbwa kwa kushika kamba nyembamba. Huko Diani walitueleza kwamba tusiwe na haraka nao. Tumeongeza upana wa vipandio kwenye ngazi ya juu ili wapate pa kukanyaga.

Kila nikiandika jina la mnyama huyu namkumbuka babu yangu, Msambaa wa Bumbuli, ambaye hakuweza kulitaja bila kurudi kwenye habari za Mbegha, mwindaji aliyekuja milimani na kuanzisha utawala wa Wakilindi. Habari ile huanza kwa mtu anayefukuzwa kwao na kupita porini mpaka akapata watu wa kumpokea. Nilikuwa mtoto, na niliisikiliza nikiwa na uhakika kwamba porini ni mahali pasipokwisha.

Septemba 15

Lami ya kwanza imemwagwa mpaka juu ya kona ya saba. Ni nyororo, inang'aa, na jana bodaboda mmoja alipanda kutoka Zigi kwa muda ambao zamani ungetosha kufika nusu. Watu wanashangilia, nami nashangilia nao.

Lakini leo asubuhi tumemkuta sange amegongwa. Ni yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, miguu myembamba, mgongo mweusi na mashavu ya rangi ya kutu. Anashinda akichokoa majani kutafuta wadudu, na akishtuka hukimbia mbele moja kwa moja. Kwenye majani hiyo inamwokoa.

Tumekutana na waendesha bodaboda kijiweni. Nilidhani watakasirika. Mmoja, kijana ambaye mama yake alikuwa mwalimu wangu wa darasa la pili, alisema, "Kaka, sisi ndio tunaoona kila kitu kabla yenu. Tupeni namba ya kupiga." Sasa ndio macho yetu. Wanapiga simu wakimwona mnyama barabarani, na wakimwona kinyonga wanasimama na kumvusha kwa kijiti. Wengi waliogopa vinyonga tangu utotoni, wakiwemo wenye miili ya kubeba magunia. Wanatumia kijiti kirefu. Inatosha.

Kuhusu kasi tumeshindana na mhandisi kwa heshima. Mimi nilikuwa na mfano wa Jozani kule Unguja, ambako lami ilipopita msituni kima punju walianza kugongwa, yakawekwa matuta na vifo vikapungua. Yeye alisema Jozani ni tambarare. Hapa lori la chai linashuka limejaa, ukiliwekea tuta katikati ya mteremko unalitafutia ajali. Tumekubaliana rasta, yaani matuta madogo madogo yaliyopangwa mfululizo, kwenye vipande vinne vilivyo karibu na usawa, karibu na zile sehemu tano zilizobaki na matawi, na vibao vya kilomita 30 kwa saa. Tuta moja kubwa litakuwa Zigi, kabla gari halijaanza kupanda.

Oktoba 10

Mbao. Gari lisilo na taa za nyuma limeshuka saa nane usiku mara mbili wiki hii. Tulijua litakuja, maana njia inayomfikisha mgonjwa upesi ndiyo inayomfikisha mwizi wa mti upesi. Kizuizi cha Zigi kina walinzi, na tumekubaliana kwamba gari la mzigo lisipite hapo kati ya saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa kwa dharura. Gari la wagonjwa halisimamishwi. Nimesisitiza hilo liandikwe, na limeandikwa.

Novemba 17

Vuli imekuja kwa nguvu. Tumetoka na tochi, watu watano, fundi wa mitaro akiwa nasi kwa hiari yake mwenyewe, kofia ya plastiki kichwani.

Kati ya kona ya tatu na ya saba maji ya mtaro yalikuwa kifundoni. Kwenye ngazi ya kwanza ya mtaro kulikuwa na matope mabichi yenye alama za vidole vinne vinne, zikipanda. Kwenye ya pili tulimkuta chura mkubwa mwenyewe, nusu ya njia, amekaa kimya mvua ikimpiga. Fundi alizima tochi yake na kutuomba tuzime zetu. Tulisimama gizani kwa muda. Tulipowasha, hakuwepo, na kwenye mtaro chini hakuwepo pia.

Ngazi ya tatu imezibwa na majani, lazima isafishwe kabla ya wiki kwisha. Nimeweka zamu: Jumatano Shebomeza, Jumamosi Mbomole. Ya nne imejengwa mwinuko mkali kuliko nyingine, hapo ndipo tulipotoa kinyonga wawili kwa mkono. Itavunjwa na kujengwa upya.

Kwenye kamba ya juu, bado mbega hajapita.

Mhandisi ametuma mchoro wa kipande cha mwisho cha kwenda Amani. Nimeufungua kwenye simu kibandani kwa mama anayetuuzia chai, nikautafuta ukurasa wa mitaro. Mapengo ya ukutani yamo, yamechorwa kwa upande wa msituni, kila mita ishirini, na chini yake pameandikwa vipimo vya mteremko. Kesho saa moja asubuhi tunakutana na fundi huko Shebomeza, tupige vigingi kuonyesha litakapoanzia la kwanza.